Espreso yangu ni chachu na nyepesi: nibadilishe mashine?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Arusha. Nimenunua mashine ndogo ya espreso, ile ya bar 15, nikitegemea nitaacha kupitia mgahawani kila asubuhi. Natumia kahawa ya Kilimanjaro ya paketi, iliyosagwa tayari. Povu linatoka zuri tu, lakini kahawa yenyewe ni chachu, nyepesi, na kikombe kinajaa kabla sijahesabu hata kumi. Nimejaribu kuongeza kahawa, nimejaribu kuishindilia kwa nguvu zangu zote, hakuna kinachobadilika. Mume wangu anasema afadhali ya kijiweni. Dukani wananishauri nirudishe hii niongeze hela nichukue ya bar 20. Nibadilishe?

JIBU: Usibadilishe, dada. Hiyo hela ya kuongeza iweke kando, tutaitafutia kazi hapa hapa chini. Kwa haya uliyoeleza, mashine yako haina kosa. Kinachokuangusha ni kahawa iliyosagwa tayari pamoja na kichujio kilichokuja na mashine, na hivi viwili vinafichiana siri.

Tuanze na hizo bar, yaani kipimo cha presha, maana ndizo zinazouza mashine. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa juu kabisa wa pampu, kiasi ambacho ingefikia kama njia ya maji ingezibwa. Espreso inataka bar 9 hivi, na hizo 9 hazitengenezwi na pampu peke yake. Pampu inasukuma, kahawa inazuia, presha inazaliwa pale zinapokutana. Kahawa isipozuia, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani, maji yatapita tu kama yanavyopita kwenye kokoto. Saga laini, maji yakute mchanga badala ya kokoto, ndipo yatakapolazimika kupenya taratibu na kuchukua ladha njiani.

Waitaliano wenyewe walikaa na mashine za mvuke karibu nusu karne kabla ya kuipata presha hii. Luigi Bezzera wa Milan alipata hataza ya mashine yake mwaka 1901, na mvuke ule ulisukuma kwa bar moja na nusu au mbili tu. Kilichotoka kilikuwa kahawa ya haraka, nyeusi, isiyo na povu. Povu lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale Achille Gaggia alipoingiza sokoni mashine ya mkono wenye springi, inayosukuma maji ya moto kwa nguvu mara kadhaa ya ile ya mvuke. Mwaka 1961 Faema E61 ikaja na pampu ya umeme, na bar 9 zikabaki kuwa kawaida mpaka leo. Hizo 15 na 20 ni lugha ya maboksi.

Sasa toa kichujio, yaani kile kibakuli cha chuma kinachokaa ndani ya mkono wa mashine. Kinyanyue kwenye mwanga wa dirisha, ukitazame kwa chini. Ukiona mamia ya matundu yanapitisha mwanga, ni kichujio cha ukuta mmoja. Ukiona kwa ndani matundu ni mengi lakini kwa nje chini kuna tundu moja tu, ambalo hata sindano inapita kwa shida, hicho ni cha kuta mbili. Dalili zako zote zinaonyesha kwamba unacho hicho cha pili. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaonunua kahawa iliyosagwa: kazi ya kuzuia maji, ambayo ilipaswa kufanywa na kahawa, inafanywa na lile tundu. Kahawa inaporuka kutoka humo inachanganyika na hewa, inafanya povu. Ndiyo maana uliongeza kahawa, ukashindilia mpaka mkono ukauma, na hakuna kilichobadilika. Tundu ni lilelile.

Kwa hiyo usilihukumu kombe kwa povu lake. Povu la kweli linatokana na gesi ya kaboni dioksidi ambayo imebaki ndani ya punje baada ya kukaangwa. Linatuambia kahawa ni mpya kiasi gani tangu ikaangwe, basi. Siku moja lichote kwa kijiko ulionje peke yake. Ni chungu, halina raha yoyote.

Uchachu nao una sababu yake. Maji yanapopita kwenye unga wa kahawa hayachukui vyote kwa mpigo mmoja. Asidi za matunda zinayeyuka mapema, utamu na ule uzito wa mdomoni vinafuata, uchungu na ukakasi vinakuja mwishoni. Maji yakipita mbio, kama kwako, yanaondoka na asidi na kuuacha utamu kwenye takataka. Na kahawa ya Kilimanjaro, hasa arabika iliyooshwa ya kule juu, ina uchangamfu mwingi wa asidi. Ndio sifa yake sokoni. Ikipikwa vizuri uchangamfu huo unakaa pamoja na utamu na unapendeza. Ikipitiwa juu juu, unakunywa ndimu. Kahawa haina hatia hapa. Ile ya paketi imesagwa kwa ajili ya birika au chujio la kawaida, chembe zake ni kubwa mno kwa espreso, na harufu yake ilianza kupotea dakika ile ile iliposagwa.

Basi tuirudie ile hela. Nunua kinu cha kusagia. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu ningenunua kinu, na mashine ningebaki na hiyo hiyo. Kiwe cha meno ya chuma yanayosaga punje katikati yake, kisiwe kile cha visu vinavyozunguka kama blenda. Cha visu kinakata ovyo: nusu inakuwa vumbi, nusu vipande. Vumbi linatoa uchungu, vipande vinatoa uchachu, na wewe unavikuta vyote viwili kwenye kombe moja usijue ushike lipi. Cha kuangalia zaidi dukani ni hatua zake za kurekebisha. Kwenye espreso hatua moja ndogo inaweza kuongeza sekunde nne au tano, hivyo kinu ambacho hatua zake ni kubwa kitakurusha kutoka maji ya mbio moja kwa moja hadi kuziba, bila kituo katikati. Muulize muuzaji waziwazi kama kinasaga kwa espreso. Vingi vilivyoandikwa "kinu cha kahawa" vinaishia kwenye usagaji wa chujio. Kwa hela yako, kinu kizuri cha mkono kitakuchosha kidogo asubuhi lakini kitasaga vizuri kuliko cha umeme cha bei ileile. Kwa vikombe viwili vya wewe na mzee, mkono unatosha.

Baada ya kinu, tafuta kichujio cha ukuta mmoja cha kipenyo cha mashine yako (mashine nyingi ndogo ni milimita 51 au 54, pima kabla ya kuagiza) na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mizani hizi ni za bei nafuu, masonara wanazo. Kijiko si kipimo, kwa sababu kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi, kwa hiyo kijiko kile kile kinabeba gramu tofauti kila unapobadilisha paketi.

Kama kinu hakiwezekani mwezi huu, kuna njia ya kusubiria. Bakia na kichujio cha kuta mbili, lakini nenda kwa mkaangaji, umwombe akusagie kwa espreso, robo kilo tu kwa safari moja. Haitakuwa espreso ya kweli, ila uchachu utapungua sana.

Kuhusu kahawa yenyewe, wewe unaishi mahali ambapo wenzetu wanapatamani. Wakaangaji wako Arusha na Moshi. Kwenye paketi tafuta tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi haitusaidii kitu. Ikiwa imekaangwa jana, isubiri wiki moja, kwa kuwa gesi ikiwa nyingi inasumbua mtiririko wa maji. Kuanzia wiki ya pili mpaka ya tano au ya sita iko kwenye ubora wake. Chagua iliyokaangwa wastani au zaidi ya wastani kidogo. Zile za rangi ya mdalasini ziache kwanza, ni ngumu kusaga na zinataka joto na ustadi ambao mashine ndogo haina. Ukitaka uzito zaidi na povu la kweli, changanya robusta ya Kagera, sehemu moja kwa nne za arabika. Wapo wanaoidharau robusta. Mchanganyiko mwingi wa Kiitaliano unayo, na mimi mwenyewe asubuhi naipenda, ila kumbuka kafeini yake ni karibu mara mbili.

Siku ya kwanza ya kinu kipya usiwe na haraka ya kutoka. Washa mashine, funga mkono wake mahali pake ukiwa na kichujio kitupu, uache robo saa mpaka chuma chote kipate moto. Pitisha maji matupu hadi kikombe kijae, yapashe kikombe na mkono kwa pamoja, kisha mwaga na ukaushe kichujio kwa kitambaa. Pima punje gramu 15. Kichujio cha milimita 51 kinabeba 14 hadi 16 bila kubanana, na mwenye cha milimita 58 apime 18. Dondoshea punje tone moja la maji uzitikise, ili unga usirukeruke na kung'ang'ania kwenye kinu. Saga. Ukiubana unga kati ya kidole gumba na cha shahada, uusikie laini kuliko chumvi ya mezani, ila bado una chengachenga.

Mimina kwenye kichujio, kisha koroga kwa sindano nyembamba mpaka chini kabisa. Sindano tatu zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa zinafanya kazi hii sawasawa na kifaa cha dukani. Vunja madonge yote, sawazisha uso, ndipo ushike kishindilio. Kile cha plastiki kilichokuja na mashine kwa kawaida kinapwaya. Cha chuma kinachojaza kichujio vizuri ni bora. Shindilia wima mpaka unga ugome kushuka, uishie hapo. Nguvu za ziada hazina kazi. Kinachoharibu ni kushindilia kimshazari, kwani maji yatakimbilia upande ulio mwembamba.

Weka mizani chini ya mdomo wa mashine, kikombe juu yake, isome sifuri. Bonyeza, na sekunde zianze kuhesabiwa hapo hapo. Mwanzoni kimya. Kwenye sekunde ya sita hadi ya nane linatokeza tone la kwanza, jeusi na zito, halitaki kuanguka. Matone yanaungana yanakuwa uzi mwembamba, kahawia iliyokolea, unaopindapinda kidogo. Taratibu rangi inafunguka kuelekea dhahabu, na mwishoni inapauka. Mizani ikisoma 27 au 28 zima, kwa sababu mashine itaendelea kudondosha mpaka ifike 30. Lengo letu ni hilo: gramu 15 za unga ziingie, gramu 30 za kahawa zitoke, kati ya sekunde 25 na 32.

Tuseme ya kwanza imechukua sekunde 14. Sogeza kinu hatua moja au mbili kuelekea laini, rudia kila kitu vilevile. Sasa 21, uchachu umepungua lakini katikati bado kuna maji maji. Laini tena. Sekunde 28, utamu umeingia. Ukipitiliza ukaona imefika 45 inadondoka tonetone na mashine inanguruma, rudi nyuma hatua moja. Gramu usiziguse mpaka sekunde zikae sawa. Ukibadilisha kipimo na usagaji kwa pamoja hutajua kipi kimeleta mabadiliko, na hapo ndipo watu wanapomaliza paketi nzima.

Sekunde zikishakaa, fuata ulimi. Uchachu unajaza mate pembeni mwa ulimi. Ukakasi unakausha mdomo. Uchungu unabaki kooni baada ya kumeza. Ikiwa bado chachu kwa sekunde 28, acha kahawa itoke zaidi, gramu 35 hata 38 kwa zile zile 15 zilizoingia. Ikiwa chungu, zima mapema, kwenye gramu 25. Na ikiwa chachu na chungu kwa pamoja, maji yametoboa njia: sehemu moja ya unga yamepita mbio, nyingine hayajaigusa. Ukikung'uta kahawa iliyotumika utakuta vitundu juu yake, au wakati inatoka utakuwa umeona mstari mweupe upande mmoja mapema. Dawa yake haipo kwenye kinu, rudi kwenye sindano na kishindilio.

Kuna mambo ya Arusha ambayo kitabu cha mashine hakikuambii. Mji wenu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Espreso inataka 90 hadi 96. Kwa hiyo ukipitisha maji matupu utayaona yanatoka yakifoka na mvuke, kuliko mtu wa Dar es Salaam mwenye mashine ileile. Siyo ubovu. Yanapokuwa ndani ya kahawa yako chini ya presha, hayachemki.

La pili ni umeme. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, kipasha joto kinapoteza karibu robo ya nguvu yake, na pampu nayo inalegea. Kama kahawa ya saa moja asubuhi ni nzuri na ya saa moja jioni ni chachu wakati hujagusa chochote, kabla ya kukilaumu kinu angalia taa za jikoni. Ipe mashine muda wa kupata moto mara mbili ya kawaida, au pika mchana.

Maji, nayo. Baadhi ya sehemu za Arusha maji yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi, kwa hiyo naamini tayari mna maji mengine ya kunywa. Tumia hayo hayo. Usitumie yaliyotolewa madini yote. Kahawa inakosa ladha, na baadhi ya mashine hata hazitambui kuwa tangi lina maji. Kila ukimaliza pitisha maji matupu kidogo, futa chuma cha juu panapogusana na kahawa, na mara moja kwa wiki osha kichujio kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu mafuta ya kahawa yakikaa yanaoza na kunuka. Usafi wa ndani wa tangi fuata kitabu cha mashine.

Mzee wa nyumba msamehe. Kahawa ya kijiweni imekaangwa mpaka ikawa nyeusi na kuchemka kwenye buli juu ya mkaa, na mnywaji wake anapenda ule uchungu wenyewe, pengine na kashata mkononi. Ukimpa arabika chachu ya sekunde kumi lazima akimbie. Yeye mpikie kwa njia yake: chukua kahawa iliyokaangwa sana yenye robusta ndani, gramu 15 ziingie na 25 tu zitoke, saga hatua moja nene kuliko unavyosaga ya kwako. Itakuwa nzito, chungu kwa kiasi, na asidi haitasikika. Maziwa ya mvuke yasubiri. Ukiyaanza sasa yataficha makosa ambayo bado tunayatafuta.

Ukikwama niandikie tena, ila usiniambie tu kwamba ni chachu. Nitajie gramu zilizoingia, gramu zilizotoka, sekunde, na tarehe ya kukaangwa iliyo kwenye paketi.